Mbwa wa Kuwekesha

Ukifika Nyasho pale Musoma ukaulizia kwa Gaudensia, na wewe utaulizwa: Gaudensia wa samaki au Gaudensia wa mbwa? Ni huyo huyo mmoja. Asubuhi anakaanga samaki pembeni mwa soko. Akifunga biashara anapita kwa wauza samaki wenzake kukusanya mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaondoka, anaichemsha na pumba mpaka ilainike, na hapo ua wake wote unasimama kwa miguu minne kumpokea. Wapo wanaosema mama huyu kichwa hakijatulia. Ukiwafuatilia vizuri, wengi wao ndio waliomtupia paka mlangoni alfajiri, ndani ya kiroba.

Kazi hii haifanyi peke yake. Paschal, dereva wa bodaboda, amefunga tenga nyuma ya pikipiki yake, na humo hubeba majeruhi na wanaohamia makazi mapya. Paka wengi wamesafiri nalo hadi mwaloni, pale boti za samaki zinapotia nanga, wakapandishwa boti kwenda kwa wavuvi wa kisiwa cha Rukuba, ambako panya walikuwa wakitafuna nyavu. Daktari Jenoveva, mtaalamu wa mifugo kutoka Butiama, huja siku zake za mapumziko. Anatandika turubai kibarazani kwa Gaudensia, anachanja kichaa cha mbwa, anahasi madume na kuwafunga kizazi majike. Hakuna anayewalipa. Wanakula samaki wa Gaudensia, wanataniana, wanarudi kazini.

Zamani Gaudensia aligawa mbwa bure kwa yeyote aliyeomba kwa maneno mazuri. Aliacha siku alipomkuta mmoja wao jalalani, amebaki mbavu tupu, analamba makopo. Aliyekuwa amemchukua hakuona hata haya. Akajibu kwamba kwani si alipewa tu? Jibu hilo Gaudensia alitembea nalo siku nyingi. Ndipo akamkumbuka marehemu baba yake, mvuvi wa kijiji cha mwambao wa ziwa, aliyekuwa na ng'ombe lakini hana malisho. Ng'ombe wale aliwawekesha kwa marafiki zake huko Bunda. Walikuwa mali ya baba, ila waliishi kwa rafiki. Rafiki anawachunga, anakunywa maziwa, na mwenye ng'ombe anaweza kutokea siku yoyote kuwatazama. Ng'ombe wa kuwekesha hapigwi ovyo. Ana mwenyewe, na mwenyewe ana miguu.

Basi na mbwa nao wawekeshwe, akaamua Gaudensia.

Wazo lilishika kuliko alivyotegemea. Watu waliomcheka alipogawa bure wakaanza kuja kwa adabu, maana hapa kuna kuaminiwa, na kuaminiwa kuna heshima yake. Upande wa Bunda wa kwanza alikuwa mzee Yakobo Luhende wa Guta, mfugaji na mkulima wa pamba. Alipewa jike mwekundu aliyewahi kugongwa na gari, akapona na mguu mmoja wa nyuma mgumu. Jina lake Hawachoki, alilopewa na Gaudensia kwa heshima ya majirani wenye midomo. Yakobo ni mtu ambaye akifanya jambo, Guta nzima inataka kujua amelifanyaje. Haukupita muda kaya nyingi za jirani zikawa na mbwa wa Gaudensia. Naye alikuwa akienda kuwasalimia. Anapewa uji, anachungulia masikio, anapapasa mbavu, anarudi Musoma moyo mweupe.

Kumbe kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza, na yeye hakuwa ameliona.

Lilifichuka kwa mdomo wa Paschal. Alikuwa amepeleka dawa ya minyoo Guta, na Yakobo akamuuliza kwa upole mbona Hawachoki hazai, wala madume hawamfuati.

"Aah, mzee, atazaaje?" Paschal akacheka. "Daktari alishamfungaga kizazi kabla hajaja hapa. Wote wamefungwa." Akamaliza maji yake, akaaga, akaondoka zake anapiga mluzi.

Kesho yake simu ikamkuta Gaudensia sokoni, mwiko mkononi.

"Mama Gaudensia," Yakobo akasema, "njoo uchukue mbwa yako. Na hawa wenzangu wanasema uje na gari, uzibebe zote. Uliniwekesha ng'ombe tasa."

Gaudensia alizima jiko, samaki wakiwa nusu wabichi. Ua wake ulikuwa umejaa. Mkutano wa mtaa ulishamwambia wazi kwamba mbwa alionao wanatosha, na atakayeonekana anazurura atawekewa sumu. Mbwa wa Guta wakirudi, wengi wangeishia barabarani, na sumu ingewakuta huko huko. Tena habari ikishatoka kwa mtu kama Yakobo, nani mwingine angekubali kumpokea mbwa wake? Aliogopa kwelikweli. Alimtafuta Paschal, aliyekuwa hawezi hata kumtazama usoni kwa aibu, akamwambia awashe pikipiki.

Waliwakuta watu wamekaa nje ya zizi la Yakobo, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba. Hawachoki tu ndiye hakuwa na kamba. Alikuwa amelala miguuni pa mzee kama kawaida yake. Gaudensia akasalimia, akapewa kigoda, uji hakupewa. Hapo akajua mambo ni mazito.

"Mama, sikugombezi," Yakobo akaanza. "Nauliza tu. Ng'ombe ya kuwekesha, mwenye kuitunza anapataga nini?"

"Maziwa, mzee."

"Na nini tena?"

"Na ndama!" akadakia Kulwa, jirani wa Yakobo, mama mwenye shamba la pamba ng'ambo ya njia. "Ikizaa vizuri, mwenyewe anakuachiaga ndama, na wewe unaanza zizi lako. Mzee aliniahidi mtoto wa Hawachoki. Nimeshamjengea na kibanda!"

Gaudensia akajitetea. Akaeleza jinsi watoto wa mbwa wanavyotupwa mjini macho hayajafunguka, jinsi anavyowakuta na funza, jinsi kila jike asiyefungwa anavyozidisha wa kutupwa. Yote yalikuwa kweli tupu. Walimsikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyelegeza kamba.

"Hayo ni ya mjini," akasema mtu mmoja.

Ndipo likamwingia. Yeye alikuwa binti wa mwenye ng'ombe. Utotoni aliuona upande mmoja tu wa desturi ile: baba anavaa koti, anakwenda kukagua mali yake, anarudi ameshiba. Hakuwahi kukaa upande wa yule aliyekesha zizini akimsubiri ndama. Alichukua nusu ya desturi, ile iliyompendeza yeye, na nusu ya watu hawa akaiacha njiani. Iliuma. Mwingine, hasa mwenye wema mwingi kama wa Gaudensia, angekaza shingo, maana wenye wema wana kiburi chao. Yeye aliinuka.

"Nimewakosea," akasema. "Sikuficha kwa ubaya, ila nilitakiwa kusema, na sikusema. Mtunzaji asiye na ndama nimemfanya mtumishi wangu. Nisameheni."

Watu wakatazamana. Hawakuwa wamejiandaa kwa hilo.

"Watoto wa mbwa mimi naokotaga kila msimu wa mvua," akaendelea. "Nikiwatibu wakapona, wa kwanza watakuja Guta kwa jina la hawa mama zao. Watakaoletwa kwako, mzee, ni watoto wa Hawachoki. Hao siwawekeshi. Ni ndama zenu, za zizi lenu. Nao daktari atawafunga kizazi wakikua, nasema leo mbele ya wote, na ndama zao zitatoka huko huko, kwa hao ninaowaokota."

"Watoto wa jalala!" Kulwa akaguna. "Watakuwaje wa Hawachoki? Mtoto anatokaga tumboni."

Aliyejibu hakuwa Gaudensia. Alikuwa Ghati, mke wa Yakobo, Mkurya wa Tarime, aliyesimama mlangoni muda wote na ungo mkononi.

"Kulwa, bibi aliyenilea hakuzaa," akasema. "Alioa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe zake mwenyewe, kama kwetu tunavyofanyaga, nyumba yake isikose watoto. Huyo aliyeolewa ndiye mama yangu. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya bibi, nikaitwa kwa jina la nyumba ya bibi, na nilivyoolewa ng'ombe za mahari ziliingia zizi la bibi. Haya, nani hapa anataka kuniambia sikutoka nyumba ile?"

Kulwa aliinamisha uso, na Yakobo akamtazama mkewe kama mtu anayeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Mletee mgeni uji," akasema hatimaye.

Kamba zikaanza kufunguliwa, moja hapa, nyingine pale. Gaudensia alikunywa uji ule mpaka tone la mwisho, na Paschal, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, akaomba kikombe cha pili.

Mvua za vuli ziliponyesha, jalala la Nyasho likatoa watoto wa mbwa kama kawaida yake. Gaudensia aliwakamua funza, akawanywesha maziwa, usiku akalala nao karibu na jiko. Walipopona, Jenoveva akaja kuwachanja. Baadhi walibaki Musoma. Wengine waliwekwa kwenye tenga, Gaudensia akapanda nyuma ya Paschal, mkono mmoja ameushikilia mfuniko, wakaenda Guta.

Yakobo aliwapokea kwenye lango la zizi. Tenga likawekwa chini, likafunguliwa. Hawachoki akasogea kwa mguu wake mgumu. Akanusa, akarudi nyuma, akanusa tena. Gaudensia alikuwa amebana pumzi, kwa sababu mnyama hajui ahadi za watu wala desturi za Wakurya, na akikataa hakuna wa kumlaumu. Mtoto mmoja akalia. Hawachoki akaingiza kichwa ndani ya tenga, akaanza kumlamba masikio, polepole, akimmaliza mmoja anahamia kwa mwingine.

Gaudensia akageukia barabarani apate kufuta macho. Nyuma yake akamsikia mzee Yakobo, mtu mzima asiyependa makelele, anapaza sauti kuelekea ng'ambo ya njia mpaka ng'ombe wakashtuka:

"Kulwa! We Kulwa! Acha hiyo pamba, njoo! Hawachoki amezaa!"