Mgomba wa Kitovu Changu

Mtanisamehe mwandiko na tahajia. Niliishia shule ya msingi, na huandika polepole.

Mama ni fundi cherehani hapa Rosettenville, mtaa wa Johannesburg. Alikimbia vita akiwa amenibeba mgongoni, kutoka kisiwa chetu cha ziwa Kivu, mkabala na milima ya volkano. Mwaka jana alinituma huko, kwa kuwa miguu yake imevimba na hawezi safari.

"Kaniletee chipukizi la mgomba wa pale tulipozika kitovu chako," alisema. "Nife nikiwa na kwetu hapa uani."

Bibi alinipokea kwa machozi na pombe ya ndizi. Nilipoutaja mgomba alinionyesha uwanja mtupu wa mawe meusi. Wakati wa vita askari walifyeka migomba yote, wakapiga kambi pale.

"Basi nirudi mikono mitupu, Bibi?"

"Mtoto wa Johannesburg, hujui hata kudanganya!" Alicheka, akaenda kung'oa chipukizi kwa jirani. "Mwambie ndio huu. Mgomba hauna mdomo."

Niliporudi nilimwambia Mama ndio huo, naye akaupanda kando ya ukuta, akawa anausalimia kila asubuhi kwa lugha yetu. Mwezi wa sita baridi iliunguza majani, kisha shina likaoza.

"Hata kwetu kumetukataa," alisema. Tangu siku hiyo hagusi cherehani.

Nikimwambia ulikuwa wa jirani, atajua wetu haupo tena. Nikinyamaza, atakufa akijiona amekataliwa. Wewe unayesoma, ungefanya lipi? Niandikie, tafadhali. Mimi nimeshindwa.