Nalongo na Trei ya Mayai

Saa moja asubuhi, chini ya mlima wa barabara ya Kitovu, Nalongo Imelda Nabbosa ameshika trei ya mayai na hajui la kufanya nayo. Mbele yake pikipiki ndogo inanguruma. Aliyeshika usukani wake ni Lawrence Ssekitoleko, mume wa binti yake, na jasho linamtoka ingawa kuna baridi.

"Nalongo, leo umepatikana!" anapaza sauti Mukiibi, muuza chapati wa ng'ambo ya barabara. "Panda basi tukuone!"

Watu wanaangua kicheko. Yeye hacheki.

Mji mzima wa Nyendo unaijua kanuni ya mama huyu wa miaka hamsini na minne, aliyeitwa Nalongo, yaani mama wa mapacha, na anayeuza pikipiki zilizokwisha kutumika. Anayejifunza huuziwa kwanza ile ndogo, kuukuu na nyepesi, aliyoipa jina Kaliga, yaani mwanakondoo. Ukianguka na Kaliga, unainuka. Ukishaiva, Nalongo anainunua tena kwa laki nane zile zile ulizompa, ukitoa matengenezo, kisha anakuuzia kubwa ya kufanyia bodaboda. Faida yake iko huko.

Lakini kabla ya hiyo kubwa kuna mtihani. Nalongo mwenyewe hupanda nyuma, akakaa kiupande na gomesi yake, gauni refu la Kiganda, trei ya mayai mapajani, na mwanafunzi humpandisha Kitovu hadi juu na kumshusha. Yai likivunjika, mnakaanga, mnakula, na wewe unarudi bondeni kujifunza upya.

"Simuuzii pikipiki mtu ambaye mimi mwenyewe naogopa kukaa nyuma yake," anasema. "Atawabebaje watoto wa wenzangu?"

Mwandishi wa simulizi hii ameishi Nyendo miaka mingi na bado hajazoea kuiona safari hiyo. Mama mtu mzima anajikabidhi kwa kijana aliyejua breki juzi, na usoni ametulia kama yuko kanisani. Inatisha, na ni jambo kubwa mno.

Chanzo chake ni msiba. Miaka kumi na mmoja iliyopita, jirani yao mmoja alinunua pikipiki kubwa asubuhi, na jioni akabeba abiria.

"Abiria huyo alikuwa Ssalongo wangu, baba wa mapacha wangu," anasema Nalongo. "Hawakufika."

Na leo kanuni imegonga mwamba. Ssekitoleko alimnunua Kaliga akiwa kijana wa mtaani tu. Kabla hajafuzu akampenda Babirye, binti mkubwa kati ya mapacha wa Nalongo, akaja kujitambulisha na zawadi zake, akakubaliwa. Katika shangwe zile hakuna aliyekumbuka mtihani. Huku Buganda, mkwe na mama mkwe hawagusani, sembuse kukaa kiti kimoja. Anayekiuka hupatwa na obuko, mikono ikatetemeka hadi kaburini.

"Na mwenye bodaboda anayetetemeka mikono ni wa nini?" anauliza Mukiibi. "Nalongo, msamehe tu mtihani."

"Yaani binti yangu ndiye apewe dereva asiyepimwa?"

Ssekitoleko, kwa heshima, hasemi na mama mkwe wake moja kwa moja. "Mukiibi, mwambie mama niko tayari kubeba hata gunia la mawe."

"Mwambie mawe hayavunjiki," anajibu Nalongo, uso kando.

Hapo ndipo Babirye anapoichukua ile trei mikononi mwa mama yake.

"Mama, mimi ndiye nitakayekaa nyuma ya huyu maisha yangu yote. Bora nianze leo."

Anapanda nyuma ya mumewe. Kaliga anaondoka.

Mama anaipa barabara mgongo, anafumba macho, anasikiliza. Injini inapanda, inalegea, inapanda tena.

"Amepunguza gia kabla ya kona," ananong'ona. "Anaogopa."

"Ni vibaya?" anauliza Mukiibi.

"Asiyeogopa ndiye aliyeniachia ujane."

Kisha mlio unapotelea ng'ambo ya kilele. Chapati inaungua na hakuna anayeigeuza. Nalongo ameshika shingo yake kwa mikono miwili.

Kaliga anakohoa huko juu. Anashuka polepole, anasimama. Babirye anainua trei watu waione. Mayai yote ni mazima.

Kwa furaha Ssekitoleko anajisahau, anamkimbilia mama mkwe wake mkono mbele. "Mkweee!" umati mzima unapiga kelele. Nalongo anachomoka na kujificha nyuma ya kibanda cha Mukiibi, analia na kucheka.

"Wengine wote niliwapa roho yangu," anasema kutoka huko huko. "Huyu nimempa mtoto."

Saa tatu mkwe ameshaondoka na pikipiki yake kubwa. Kaliga amebaki, na Babirye anamfuta vumbi. Nani atamnunua safari hii?

"Mimi," anasema Babirye. "Nimeshachoka kukaa nyuma, na ndiyo kwanza nimeanza leo."

Mama anasema angependa kabla hajazeeka kuona wanawake wengi wa Nyendo wakiendesha, na wa kwanza awe huyu. Kisha anaichukua trei ya mayai na kuikagua, yai moja moja.

"Huyu si mkwe," anasema. "Nyuma yake nitakaa mwenyewe."