Sauti Inayosema Rudi Nyuma

Jina la Miguu alilipata enzi za kupeleka vifurushi kwa baiskeli, alipokuwa akipanda ngazi za maghorofa mbiombio na katoni begani. Siku hizi miguu hiyo inalala chini ya meza. Kampuni ilipoleta droni, wapelekaji wengi walipunguzwa. Yeye alibakizwa, akakalishwa mbele ya skrini kwenye chumba kisicho na dirisha, azitazame droni zikifika kwa wateja.

Kazi yenyewe haitoi jasho. Droni hujiendesha, usukani wa mkono ni wa dharura tu. Ikifika juu ya ua au roshani ya mteja, Miguu hutazama kama pako wazi, kisha hubonyeza kitufe, kamba ikashusha mzigo. Akiona mtu amesimama chini yake, hubonyeza kitufe kingine, na sauti ya kike iliyorekodiwa husema, "Tafadhali, rudi nyuma." Hayo ndiyo maneno pekee ambayo droni inayajua. Simu huachwa kwenye kabati la mlangoni, na droni ikiwa hewani mtu habanduki kitini.

"Miguu, hayo makalio yakiota mizizi utuambie tuyamwagilie maji," humtania Mama Pacha, jirani yake wa kiti. Miguu hucheka kidogo, kisha hurudisha macho kwenye skrini.

Nyumbani nako kulikuwa na mtu wa kutazamwa. Baba yake, aliyekuwa tarishi maisha yake yote, alianza kutorokwa na kumbukumbu. Akiamka alivaa shati la kazi na kutoka kupeleka barua zisizokuwepo, mpaka majirani wamwokote barabarani. Miguu na mkewe, ambaye ni muuguzi, hawakuwa na wa kumwachia. Basi wakawa wanaufunga mlango kwa nje wanapotoka, wamemwekea mzee redio, chakula, na roshani ya kuotea jua. Neno kumfungia hawakulitamka. Walisema wanamtunza.

Mchana mmoja droni ilikuwa inapeleka dawa kwenye jengo linalotazamana na la kwao, na kamera ikapita mbele ya roshani yake mwenyewe. Miguu akamwona baba yake ndani ya shati la kazi, mguu mmoja upande huu wa vyuma, wa pili umeshavuka, na chini yake ghorofa nne za hewa tupu.

Mkono ulitangulia akili. Akaitoa droni njiani, akaisogeza karibu na uso wa mzee, akabonyeza.

"Tafadhali, rudi nyuma."

Mzee akainua kichwa. Miguu akabonyeza tena, na tena. Polepole ule mguu ukarudi. Mzee akajipangusa suruali, akasimama wima, akaipigia droni saluti kama mtu aliyeagizwa na mkubwa wake.

Bosi alitaka kujua kwa nini droni iliacha njia. Miguu akajibu kwamba kulikuwa na mtu hatarini. Hakusema ni nani, na bosi akayaacha yapite.

Jioni mzee alikuwa mchangamfu kupita kawaida.

"Kuna binti alikuja leo," aliwaambia. "Ana adabu yule. Ananiambia tafadhali. Nyinyi ni kaa, kula, lala."

Usiombe kuambiwa hivyo na mzazi. Mke alimtazama mumewe, kisha wakarudia mazungumzo yao ya siku zote kuhusu nani angekaa na baba, wakaishia palepale wanapoishia.

Miguu aliomba apangiwe mtaa wao kila siku. Alidhani amepata njia ya kuwa mahali pawili. Lakini kesho yake droni ilipokaribia, mzee alikuwa kwenye vyuma, anangoja. Alipoambiwa arudi nyuma alirudi, akitabasamu, kisha akasogea tena, ameinama zaidi, kiganja sikioni, ili aambiwe tena. Na droni ilipogeuka kuondoka, alijinyoosha nje kuifuata. Sauti iliyomwokoa ndiyo ilikuwa inamvuta.

Mama Pacha alichungulia skrini ya mwenzake.

"Huyo mzee anaichezea roho yake. Watoto wake wako wapi?"

"Kazini," alisema Miguu.

Siku hiyo alirudi nyumbani na kufuli, akalifunga kwenye mlango wa kioo wa roshani. Mkewe alimshikia bisibisi. Mzee akauliza nani sasa atampokea yule binti.

"Utamwona kwenye kioo, baba."

Na kweli humwona. Droni ikipita, mzee yuko nyuma ya kioo, ameshavaa shati, midomo inacheza. Droni haina masikio. Miguu huikodolea macho midomo ile mpaka roshani itoke kwenye skrini na mteja mwingine aingie, na mpaka leo hajui kama anayeitwa pale ni yeye au ni binti.