Mshindo wa Alasiri

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, bomba la maji lilipofika kijijini kwetu karibu na Bodo, mimi ndiye niliyepewa kulitunza. Shule niliiachia darasa la sita, lakini nilikwisha kujiona injinia, na suruali iliyopigwa pasi.

Taabu ilikuwa moja. Kila alasiri, kabla ya adhana, bomba lilipiga mshindo, duu!, na kiungo cha pale mferejini, walipoteka maji wanawake, kikaachia. Nilikifunga kwa mpira wa baiskeli. Kesho kikaachia tena. Bwana wa maji kutoka Kwale akaniambia, "Ijumaa nikikuta matope hapa, mfereji naung'oa. Mama zenu warudi kisimani." Na kisima kilikuwa mbali, maji yake chumvi tupu.

Nikaazima mchi wa mama. Kila alasiri niliegemeza ncha moja juu ya bomba, nyingine sikioni, nisikie mshindo unatokea wapi. Leo hapa, kesho mbele zaidi. Wanawake wakanicheka: "Ee injinia, unatwanga au unaposa?" Nilicheka nao, huku nasikiliza. Kadiri nilivyopanda ndivyo mshindo ulivyozidi. Nilipoupita msikiti, ukapungua.

Siku iliyofuata nikaingia uani mwa msikiti. Mwadhini, mzee aliyenisomesha alifu na be, alikuwa akijaza birika la kutawadhia. Maji yalipofika ukingoni tu, akaipiga koki kwa kiganja, ikafunga pap! Bomba likaguta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona umekumbatia mchi?"

Nilitafuta maneno ya adabu, nikayakosa. Nikamwambia tu kwamba maji yaendayo mbio yakizuiwa ghafla hurudi na hasira, yakapasua huko chini.

Akaitazama koki. "Mimi nilikuwa nakimbia israfu, tone lisipotee. Kumbe nawamwagia wenzangu mapipa?" Machozi yakamlengalenga. Na mimi pia.

"Funga polepole tu, babu."

"Polepole ya nani? Wewe hata katika kula hukuijua. Basi nitaifunga kwa subhanallah thelathini na tatu."

Ijumaa alasiri bwana wa maji alisimama mferejini, mikono kiunoni. Tukangoja. Adhana ikatoka, bomba kimya. Akainama, akakibonyeza kiungo kwa kidole: kikavu.

"Haya, mfereji ubaki."

Mama zangu wakapiga vigelegele vya arusi, hata mwadhini akadhani ni mayowe, na baada ya sala akaja mbio kuuliza ni wapi palipopasuka.