Finya Kwanza

Kabla watu hawajaanza kumwita baba yangu Mheshimiwa, walimwita Finya. Alirithi ardhi kubwa kuliko ya mtu yeyote upande wetu, na pamoja nayo majembe butu, vibarua waliochoka na mavuno ya kusikitisha. Akauza nusu ya ng'ombe, akanunua trekta. Ami zake wakasema amerukwa na akili. Akachimba mifereji, akaleta mbegu za kisasa, akajenga zizi la saruji ambalo, mama hulalamika mpaka leo, lilikuwa na sakafu nzuri kuliko jiko lake.

Jina lilitokana na udongo. Kila msimu wa kulima alichota udongo kiganjani, akaufinya, kisha akaugusa kwa kidole gumba. Ukimeguka, trekta iwashwe. Ukibaki bonge, hakuna kulima, hata majirani wote wawe wameshaanza. "Finya kwanza," aliwaambia waliokuja kujifunza kwake. "Ukilima udongo mbichi, jua likiwaka una matofali."

Siasa iliingia kwa sababu ya barabara. Maziwa yalikuwa yakiharibika njiani kila mvua iliponyesha. Baba akapiga kelele kwenye mikutano, na watu wakaona mwenye kelele nyingi hivyo apelekwe bungeni akazipigie huko. Akaenda. Barabara tuliipata nusu, na baba tukabaki naye robo.

Tangu hapo sebule haikuwa yetu tena. Kunapambazuka, watu wameshajaa kwenye makochi: huyu mwanawe anatafuta kazi, yule ana kesi ya mpaka, mwingine amefuata chai tu. Mama alichemsha chai, akachemsha tena. Mimi nikaachiwa shamba, na kila kibarua niliyemwagiza jambo aliniuliza, "Mzee anajua?" Mzee alikuwa hajui lolote. Akija nyumbani alikuwa na simu sikioni, anakula huku anamwahidi mtu.

Uchaguzi wa tatu ulipokaribia, mama alikuwa na ombi moja tu.

"Baba watoto, usigombee tena. Rudi shambani kabla hujalisahau."

"Nisahau shamba? Mimi?" Baba akacheka. "Mama watoto, acha utani."

Mama hakuwa akitania. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa nimechoka, na uchovu wetu haukuwa na mtu wa kuulalamikia pale sebuleni.

Kisha viongozi wa chama wakasema watakuja Jumamosi kutazama shamba la mfano. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Shamba la bondeni, lile linalotulisha, lilikuwa likimeza miguu. Baba akapiga simu kutoka mjini.

"Nataka wakute trekta inalima bondeni."

"Baba, udongo haujakauka."

"Mwanangu, hao si watu wa kusubirishwa."

"Finya kwanza," nikamwambia.

Akakata simu, akampigia yeye mwenyewe dereva wa trekta.

Jumamosi trekta ikalima, matope yakiruka. Wageni wakapiga makofi. Baba akapanda kwenye usukani na suti yake, akapigwa picha, akaondoka nao kabla sahani hazijaoshwa. Jua lilipowaka, bonde lote likawa gumu. Tulipanda hivyo hivyo, na mahindi yakaota hapa na pale kama nywele za mwenye kipara. Niliumia sana, lakini hata nguvu ya kukasirika sikuwa nayo.

Baba alirudi akiwa amebeba mabango ya kampeni kwenye buti la gari, yana ile picha ya trekta. Kabla hajatuonyesha, mama akamwambia tutembee kwanza. Tukashuka bondeni watatu. Baba akainama, akaokota bonge, akalifinya. Halikumeguka. Akalifinya kwa mikono miwili. Uso ukamkunjamana, na baada ya miaka mingi nikamwona Finya.

"Mpumbavu gani amelima hapa udongo ukiwa mbichi?"

Hakuwa akijifanya. Aliuliza kweli, na alitaka jibu.

"Mheshimiwa," mama akasema. "Alipita na wageni wake."

 Baba akaketi pale pale chini na suruali yake ya suti, bonge bado liko mkononi.

"Mwambieni asigombee," akasema mwishowe.

"Mwambie wewe," mama akamjibu. "Sisi tumeshamwambia, hasikii."