Mgeni wa Safu ya Tatu

Wifi yangu anaitwa Mama Gundi, na jina hilo halikutokana na mtoto. Amelipata kanisani, katika chumba cha nyuma, ambako kwa miaka kumi na tisa amekuwa akibandika vitu vya watoto wa watu: masikio ya kondoo wa karatasi, soli za viatu, na siku moja jino lililong'oka katikati ya sala, akalibandika kwenye kadi ili mwenyewe akalionyeshe nyumbani. Ameolewa na kaka yangu, fundi saa, mtu ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati. Siku sita za wiki anakunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Siku ya saba, ambayo hata Mungu alipumzika, anakaa na watoto arobaini na watatu wasio wake. Hapa sitii chumvi, maana mimi ni katibu wa kanisa, na kutia chumvi ni kazi ya mwenyekiti.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya viti vibovu. Kiko kando ya tangi la maji, na mlango wake umekatwa katikati: nusu ya chini inafungwa komeo watoto wasitoroke, nusu ya juu inabaki wazi. Wazazi wakifika wanampitisha mtoto kwa juu kama kifurushi, wanasema "asante mwalimu" huku wameshageuka, wanawahi viti vya karibu na feni. Kwa hiyo ukiwauliza Mama Gundi yukoje, watakuambia kilemba na aproni ya kijani yenye madoa ya rangi. Kutoka kifuani kwenda chini hakuna aliyewahi kumwona, na kwenda juu hakuna aliyewahi kumtazama. Chumba kinapakana na madhabahu kwa ukuta mmoja, ukuta mnene. Mahubiri hayapiti. Kinachopita ni amina.

Jumatano moja alikuja kwangu akitoka kazini, akavua viatu, akaweka ufunguo wa kile chumba juu ya meza, kando ya chupa ya chai.

"Wifi, magoti yamegoma," alisema. "Watoto wanakaa chini, na mimi lazima nikae chini, na siku hizi kuinuka ni mpaka nishike ukuta. Halafu kuna jambo jingine. Usicheke."

"Sicheki."

"Nataka kusikia mahubiri. Moja tu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Miaka yote hii nasikia amina zenu, sijui mnaitikia nini. Huenda mnakubaliana mambo ya ajabu huko."

Nilicheka, kisha nikautazama ule ufunguo. Kanuni ya kumi na mbili ya kanisa letu inasema kwamba mwalimu wa watoto akikosekana, katibu atashika darasa mpaka apatikane mwingine. Kanuni hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na hakika kabisa kwamba haitanihusu.

"Ngoja basi Jumapili ya shukrani," nilimbembeleza. "Wiki mbili tu. Tumeunda kamati, tunataka kuwashukuru walimu wa watoto rasmi."

Akaurudisha ufunguo mkobani.

"Haya. Nitangoja. Nikiona mnanijua, nitajikaza na haya magoti. Nikiona hamnijui, ufunguo ni wako."

"Tukujue mara ngapi, wifi?"

"Mara moja inatosha."

Kamati ilikuwa na watu saba, na walimu wa kushukuriwa walikuwa wawili. Zamani walikuwa sita. Wanne walipata sababu nzuri. Aliyebaki pamoja na Mama Gundi ni kijana fundi rangi, ambaye hufundisha Jumapili anazoamka. Tulikutana mara tano. Kikao cha kwanza kilikwisha kwa kubishania jina la kamati. Kikao cha nne, mwenyekiti, ambaye ni mkaguzi wa shule mstaafu, alijitolea kuwashika watoto siku hiyo ili walimu wakae mbele kama wageni wa heshima. "Watoto wa siku hizi wanahitaji mtu wa kuwatazama tu," alisema, akatutazama ili tuone mfano. Kikao cha tano tulichagua zawadi: cheti na saa ya ukutani. Kila mtu pale alijua mume wa Mama Gundi ni fundi saa, na kwamba nyumbani kwao hakuna ukuta uliobaki. Hakuna aliyekumbuka. Mimi niliunga mkono, na mkono wangu ndio uliokuwa juu zaidi.

Jumapili ilipofika, Mama Gundi aliiacha aproni kwenye msumari wake. Alivaa gauni la bluu, nywele zimesukwa vizuri, na viatu vya kisigino. Aliingia kwa mlango mkubwa, ambao mara ya mwisho aliupita siku ya harusi yake, na siku hiyo alimngoja kaka yangu saa nzima. Mimi nilikuwa mbele, karibu na maiki, na ratiba yangu mkononi. Nilimwona nikafurahi kweli. Kisha nikamwona msichana wa mapokezi, mgeni kwetu, ana mwezi mmoja tu tangu aanze, akimpokea kwa mikono miwili, akimpa kadi na kalamu, na kumketisha safu ya tatu. Walimu walikuwa wamewekewa viti safu ya kwanza, na huko alikaa fundi rangi peke yake, anasinzia. Safu ya tatu ni ya wageni.

Kipengele cha nne kilikuwa changu. "Wageni wetu, tunaomba msimame tuwatambue," nikasoma kwenye karatasi. Nilipoinua macho, msichana alikuwa amemshika Mama Gundi begani, na Mama Gundi alikuwa amesimama.

Mchungaji wetu ana miaka miwili tu tangu ahamie, na jina la Mama Gundi analisoma kila mwezi katika ripoti zangu, lakini ripoti haina sura. Alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Karibu sana mama! Jisikie uko nyumbani. Umetokea wapi?"

"Hapo nyuma," akajibu, akaonyesha ukuta kwa kidole.

Watu wakacheka kwa wema, wakidhani anasema nyumba zilizo nyuma ya kanisa.

"Kumbe jirani yetu! Na leo ndiyo mara ya kwanza kukaa nasi?"

Mama Gundi alifikiri kidogo. "Ndiyo," akasema. "Kukaa, ndiyo mara ya kwanza."

Wimbo wa kukaribisha wageni una beti tatu, na siku hiyo ziliimbwa zote. Watu walitoka vitini wakaja kumshika mkono, wengine kwa mikono yote miwili, akina mama ambao kila Jumapili humrushia watoto kwa juu ya mlango bila kumaliza sentensi. Walikuwapo waliomtambua, niliona macho yalivyowatoka, lakini walidhani ni sehemu ya ratiba, na ratiba nimeiandika mimi. Fundi rangi aliamshwa na kelele, akaona mwenzake anaimbiwa, akapiga makofi kuliko wote.

Maiki ilikuwa mkononi mwangu. Nalisema wazi, kwa sababu nimelizungusha sana kichwani: maiki ilikuwa mkononi mwangu. Ningesema tu, "Mchungaji, huyu ndiye Mama Gundi." Lakini niliona mchungaji ataaibika mbele ya kanisa zima, msichana atalia, na kipengele cha tisa, shukrani kwa walimu, kinakuja na kitanyoosha kila kitu. Basi nikasoma tangazo la usafi wa uwanja.

Mahubiri yakaanza. Nilimwona akisogea mbele ya kiti, mkoba juu ya magoti, kama mtu aliyefika kwa daktari baada ya foleni ndefu. Somo la siku, ambalo sikulichagua mimi, lilikuwa la mchungaji anayewajua kondoo wake mmoja mmoja. Dakika ya kumi na saba kiti kilianguka huko nyuma ya ukuta. Kikafuata kilio kimoja, halafu vilio vingi, halafu sauti ya mtu mzima ikisema "Kimya!" kwa namna isiyoaminika. Mlango wa pembeni ukafunguka, mwenyekiti akachungulia, hana tai, miwani ina gundi. Aliangaza macho kanisa zima akitafuta aproni ya kijani. Mama Gundi alikuwa hatua nne kutoka pale aliposimama, na hakumwona.

Yeye alimwona. Alimtazama mchungaji, akautazama ukuta, akavua viatu vya kisigino, akavishika mkononi na kutoka taratibu kwa mlango wa pembeni. Hazikupita dakika tano pakatulia.

Kwa hiyo kipengele cha tisa kilisomewa kiti kitupu. Fundi rangi alipokea saa zote mbili, yake na ya mwenzake. "Mama Gundi hayupo?" mchungaji akauliza, akatikisa kichwa kwa furaha. "Ndiyo unyenyekevu huo, ndugu zangu. Hapendi kuonekana." Kanisa zima likaitikia amina. Hiyo najua aliisikia.

Baada ya ibada nilichukua cheti na saa yake, nikaenda nyuma. Nilimkuta amekaa kwenye kile kiti kifupi, aproni juu ya gauni la bluu, ameshasafisha meza. Watoto wote walikuwa wamekwenda.

"Wifi, mmenishukuru!" alisema. "Beti tatu nzima! Watu wametoka vitini kuja kunishika mkono. Mchungaji mwenyewe ananiuliza nimetokea wapi. Sikujua mnashukuru vizuri hivyo."

Nilitazama ufunguo uliokuwa unaning'inia kwenye aproni, nikawafikiria watoto arobaini na watatu na kanuni ya kumi na mbili.

"Umestahili, wifi," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile kadi, akanipa. Alikuwa ameijaza yote kwa mwandiko ule ule mzuri anaoandikia majina ya watoto kwenye kofia zao. Mara ya ngapi kufika: ya kwanza. Kazi: mfuaji, na mwalimu wa watoto wenu. Aliyekualika: katibu.

"Kusoma najua," alisema. "Imeandikwa MGENI kwa herufi kubwa hizi hapa. Yule msichana sina neno naye, hapa mimi ni mwenyeji wake. Mchungaji naye nimemsamehe, hajawahi kuniona. Lakini wewe ulikuwa na maiki. Muda wote ule wanaimba, nilikuwa nakutazama wewe."

"Nilitaka kungoja kipengele..."

"Najua. Ndiyo maana sasa hivi nimekupa nafasi ya pili."

Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. Alivua aproni, akanivisha shingoni, akanizungusha na kuifunga nyuma, kama anavyowafunga watoto. "Yule anayekaa dirishani anauma akiwa na usingizi. Wale mapacha usiwape gundi kwa pamoja," akasema. Ufunguo akanitia mfukoni mwenyewe. Naona haya mpaka leo.

Hii ni Jumapili ya saba. Mwenyekiti ameahidi kutafuta mwalimu mwingine, na ameunda kamati. Saa ya ukutani nimeitundika humu chumbani, kaka yangu anasema inakwenda mbele. Wazazi wananipa watoto kwa juu ya mlango. Jumapili iliyopita mama mmoja, ambaye tulikaa naye kwenye kamati vikao vyote vitano, alinipa wake akaniambia, "Asante, Mama Gundi," akawahi kiti.

Nilikuwa nimekaa chini, nabandika masikio ya kondoo, amina ya kanisa zima ilipopita ukutani. Ilipokwisha ikaja nyingine, moja, ya mtu aliyechelewa kwa sababu bado hajazoea. Watoto wote waligeukia ukuta.

"Yule ni Mama Gundi wa kweli," akasema yule anayeuma, akarudi kukaa karibu yangu.