Mgeni Asiyetoa Mvuke

Nianze na ya aibu, tuimalize: nilijikojolea. Mwanaume mwenye ndevu, ndani ya kanisa, hapa hapa Stockholm. Cheka kwanza, halafu sikiliza, maana kisa hiki hakikumpata jirani wa binamu yangu. Kilinipata mimi.

Kwaya yetu ya Wakongo na Warundi huazima kanisa moja la mawe, la zamani sana. Mimi hutangulia kupanga viti na spika. Wiki hiyo nilikuwa na furaha, maana Mama Furaha, kiongozi wetu, hatimaye alikubali niongoze wimbo Jumapili. "Ukiharibu," aliniambia, "unarudi kwenye spika zako."

Naingia, namkuta mama mzungu kwenye kinanda. Gauni pana kama hema, nywele zimepakwa unga mweupe. Nikamshuku papo hapo: huyu katumwa na wenye kanisa, anakuja kuangalia kama tumemwaga wali tena.

"Hej hej," nikasema, mpole kama mtuhumiwa.

Wali hakuuliza. Akaimba, akanipungia mkono niimbe nyuma yake. Nikamfuata. Wewe ungefanya nini? Alituzidi kwaya nzima, Mama Furaha asisikie.

Lakini kwetu mgeni haimbi tu akaondoka. Lazima asimame ajitambulishe. Nikamwambia hivyo kwa Kiswidi changu kilichoishia njiani kama shule yangu. Akasimama haraka, machozi yanamlengalenga. Akataja jina, refu. Mjerumani. Aliimbia wafalme. Nyimbo alitunga mwenyewe, zikachapwa kwa jina la kaka yake.

"Jumapili imba huu," akasema, "na uwaambie ni wangu. Nitaje."

Nikaahidi.

Ndipo nikaona. Kanisa lilikuwa baridi, hita zimezimwa, mdomo wangu unatoa mvuke kama birika. Wake, pamoja na kuimba kote kule, hautoi kitu. Suruali ikalowa, nikatimua mbio.

Jumapili nikafungua mdomo, ikatoka sauti yake, nyembamba, Kijerumani kitupu. Mpaka leo nikiimba, hata bafuni, ni hiyo hiyo. Nimerudi kwenye spika. Kwa hiyo wewe, ukimkuta mtu kwenye baridi hatoi mvuke, usimwahidi kitu.

Nilimsimulia Baraka, mpiga ngoma wetu, nikijua atacheka. Hakucheka.

"Anaitwa nani?"

"Nilikimbia, bwana. Limenitoka."

Akaniangalia sana. "Miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza jina. Kampata mmoja wa kumwuliza, na huyo mmoja kasahau. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingekurudishia sauti yako."